Anza na Maji: Mchanganyiko wa Kupandia Stroberi Katika Vitalu Nyumba vya Dodoma

Mbukwenyi! Ndugu wakulima wa Dodoma na Singida, mabibi na mabwana shamba, vijana wetu wa vyuo vya kilimo, na wenyeji wetu mliotupokea, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumze juu ya vitu tunavyopandia stroberi ndani ya vitalu nyumba, na namna kila kimoja kinavyoathiri ukuaji wa mmea. Ninashukuru kwa heshima hiyo, kwa sababu jambo hili limekuwa likiwagharimu watu fedha nyingi hapa kwetu, nao wengi wao ni vijana waliochukua mkopo, wakajenga kitalu nyumba kizuri, wakanunua miche ya bei, kisha wakabaki wakitazama majani yakikauka pembeni mmoja baada ya mwingine.

Swali ambalo wakulima hulileta kila mara ni hili: “Mtaalamu, tupandie nini?” Mwingine amesikia habari za kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, mwingine ameambiwa maganda ya mpunga yanatosha, na mwingine jirani yake amepandia mboji tupu na mwaka wa kwanza akavuna vizuri. Mimi ninakuja na jibu ambalo huenda likaonekana limekwepa swali, lakini nitalitetea hadi mwisho wa maneno yangu: kwa mkulima wa Dodoma, uchaguzi wa mchanganyiko wa kupandia unaanzia kwenye maji. Asiyejua maji yake yana chumvi kiasi gani, na yanapatikana kwa uhakika kiasi gani, hawezi kuchagua mchanganyiko, hata akiorodheshewa sifa za kila kimoja.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Stroberi tunayoilima leo ni chotara. Wazazi wake ni stroberi pori wawili wa Amerika, mmoja wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini na mwingine wa pwani ya Chile, waliokutanishwa katika bustani za Ufaransa katika karne ya 18, baada ya afisa mmoja Mfaransa, Amédée-François Frézier, kurudi na miche ya Chile mwaka 1714. Yule mzazi wa Chile huota mchangani kando ya bahari na huvumilia chumvi kiasi. Mtoto wake hakurithi uvumilivu huo. Stroberi ya kibiashara imo miongoni mwa mazao yanayoumizwa na chumvi mapema kuliko mengi tuliyoyazoea. Mahali ambapo nyanya bado inazaa bila shida, stroberi huwa imekwisha kudhoofika.

Mizizi yake ni mifupi. Sehemu kubwa hukaa katika sentimita 15 hadi 30 za juu, na mingi ya ile myembamba, inayofyonza maji na virutubisho, hufa na kuota upya mara kwa mara katika maisha ya mmea. Maana yake ni kwamba mmea huu hauna akiba ya chini ya kukimbilia pale juu panapokauka, kama ufanyavyo mzabibu, ambao mizizi yake huenda ikatafuta unyevu mbali. Juu ya mizizi kuna kile kishina kifupi tunachokiita taji, ambako majani, maua na vile vikonyo vinavyotambaa hutokea. Taji likifukiwa huoza, likiachwa wazi sana hukauka. Kwa hiyo mchanganyiko unaodidimia baada ya kumwagiliwa, ukaacha mizizi nje au ukalifunika taji, unaua miche hata kama virutubisho vyake vimepimwa vizuri.

Sasa, kwa nini tusipande ardhini tu? Wapo wanaopanda ardhini na wanafanikiwa, hasa katika nyanda za juu zenye udongo mlegevu na maji matamu. Sisi tuna mbuga zenye mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika, na tuna udongo mwekundu wa kichanga unaojifunga kama sakafu baada ya mvua na jua. Wazee wa Kongwa wanalifahamu jambo hili kuliko kitabu chochote. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilileta pale matrekta mengi na fedha nyingi kwa ajili ya mradi wa karanga, na pamoja na uhaba wa mvua, ardhi yenyewe ilikauka ikawa ngumu hata karanga zikawa taabu kung’olewa. Mradi ule ulianza kabla watu hawajaujua udongo. Mkulima wa kitalu nyumba anayejaza viroba kwa udongo wa korongo bila kuupima anaanza hivyo hivyo, tofauti ni ukubwa wa hasara tu.

Sababu ya pili ni magonjwa ya udongoni. Kwa miongo mingi wakulima wakubwa wa stroberi duniani waliisafisha ardhi yao kwa gesi ya methili bromidi, ambayo iliua karibu kila kitu kilichomo. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zilizoendelea zilitakiwa kuiacha katika matumizi ya kawaida ya shambani kufikia mwaka 2005, na nchi zinazoendelea mwaka 2015. Ilipoondoka, kuvu wa zamani walirudi na wengine wapya wakajulikana. Mmoja wao ni Macrophomina phaseolina, anayeozesha taji hadi likawa na rangi ya kahawia iliyokolea ndani. Ninamtaja kwa sababu kuvu huyu anapenda joto na ukame, na anashambulia pia mtama, karanga na alizeti. Tafakarini hilo, ndugu zangu: mazao matatu ambayo Dodoma na Singida zimeyapanda vizazi kwa vizazi yanaweza kuwa yameacha ardhini vijidonge vya kuvu hao, navyo hukaa miaka kadhaa vikisubiri. Mfuko wenye mchanganyiko safi, ulioinuliwa juu ya meza au matofali, humtenga mmea na urithi huo.

Hata hivyo, kuhamia kwenye mfuko kunaleta fizikia mpya ambayo shamba halikuwa nayo. Chukueni sponji ya kuoshea vyombo, iloweni mpaka ishibe, kisha ilazeni bapa juu ya waya. Itachuruzika, halafu itaacha. Sasa isimamisheni wima: maji yataanza kutoka tena, ingawa hakuna aliyeikamua. Sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni urefu wake kwenda juu. Katika kila chombo cha kupandia, chini kabisa hubaki tabaka lililojaa maji, na unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa matundu ya mchanganyiko wenyewe. Kitu chenye chembe laini hubaki na tabaka nene, na chenye chembe kubwa hubaki na tabaka jembamba. Ndiyo maana udongo mzuri wa shambani, unaopitisha maji vizuri pale ambapo chini yake kuna mita nyingine za udongo, ukitiwa katika mfuko wa kina cha sentimita 15 hugeuka kuwa tope lisilo na hewa, na mizizi ya stroberi hunyimwa pumzi. Kuweka kokoto chini ya mfuko hakuliondoi tabaka lile. Hulipandisha juu tu, karibu zaidi na mizizi.

Watafiti wa mambo haya wamekubaliana kwa muda mrefu juu ya vipimo vya kulenga. Mchanganyiko mzuri uwe na nafasi tupu zipatazo asilimia 85 ya ujazo wake. Ukishamwagiliwa na kuchuruzika, asilimia 20 hadi 30 ya ujazo ibaki hewa, na kiasi kama hicho kiwe maji ambayo mmea unaweza kuyachukua bila kuhangaika. Kipimo cha hewa mnaweza kukifanya nyumbani. Chukueni chombo chenye kina sawa na mifuko yenu, kizibeni matundu, kijazeni mchanganyiko, mimineni maji polepole mpaka yaonekane juu, acheni yakae, kisha fungueni matundu na mpime maji yanayotoka. Ikiwa chombo ni cha lita 10 na yametoka lita 2, mna asilimia 20 za hewa. Yakitoka nusu lita, msipande humo.

Nianze na makumbi ya nazi, kwa kuwa ndiyo yanayosifiwa zaidi. Vumbi la makumbi, ambalo madukani huuzwa likiwa limeshindiliwa kuwa matofali kwa jina la kokopiti, hushika maji mengi na bado huacha hewa, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu, kwa kawaida huangukia kati ya 5.5 na 6.5, ambako ndiko stroberi hupenda. Tofali la kilo 5 likiloweshwa hutoa lita zipatazo 60 hadi 75. Stroberi ikipewa lita 2 hadi 3 kwa mche, tofali moja linatosha miche 20 hadi 30 na zaidi kidogo. Miche ndani ya makumbi yaliyoandaliwa vizuri hutoa mizizi mingi myeupe mapema, na taji hunenepa, nalo taji nene ndilo hubeba maua mengi.

Neno ninaloomba mlishike hapo ni “yaliyoandaliwa vizuri”. Makumbi hutoka pwani, mara nyingi yakiwa yamelowekwa katika maji ya chumvichumvi, na yenyewe kwa asili yana potasiamu na klorini nyingi. Zaidi ya hayo, yana tabia ya kushikilia sodiamu na potasiamu katika kuta za chembe zake, na mkulima anapoweka mbolea yenye kalsiamu, makumbi huinyakua kalsiamu hiyo na kuziachia sodiamu na potasiamu ziende kwenye mizizi. Mmea hubaki na njaa ya kalsiamu huku mbolea imewekwa. Majani machanga hutoka yamekunjamana na ncha zimeungua. Dawa yake inafahamika: lowesha makumbi, suuza, yaloweke usiku mzima katika maji yaliyoyeyushwa nitreti ya kalsiamu, kisha suuza tena mpaka EC, yaani kipimo cha chumvi, ya maji yanayotoka ikaribiane na ya yale unayoyamimina. Ukisuuza kwa maji ya kisima chenye chumvi unayarudishia makumbi sodiamu ile ile uliyokuwa ukiiondoa, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua. Pipa moja au mawili yaliyotunzwa tangu masika yatakutosha kwa kazi hiyo.

Maganda ya mpunga ndiyo mali yetu ya karibu, kwa maana wilaya ya Bahi inalima mpunga na mashine za kukobolea hutupa maganda marundo kwa marundo. Yakiwa mabichi ni mepesi, hayaozi upesi, na hupitisha maji kwa kasi mno. Peke yake hayafai, lakini yakichanganywa na makumbi au mboji hufungua njia za hewa. Yakiunguzwa nusu huwa bora zaidi. Njia yake ni rahisi: weka moto ndani ya pipa dogo lenye matundu na bomba la moshi, rundika maganda kulizunguka, yageuze yanapoanza kuwa meusi, na uyazime kwa maji kabla hayajawa majivu. Ukali wa kazi uko hapo mwishoni, maana majivu hupandisha pH hadi kupita 8, na stroberi katika pH hiyo hushindwa kuchukua madini ya chuma, majani yakawa ya manjano huku mishipa imebaki kijani. Hata yaliyounguzwa vizuri yaoshwe kwanza. Maganda haya yana silika nyingi, na zimekuwapo tafiti zilizoonesha kwamba stroberi inayopata silikoni ya kutosha hushambuliwa kidogo zaidi na ubwiri unga, ugonjwa usiokosekana vitalu nyumba. Sidai kwamba maganda yatachukua nafasi ya dawa. Ninasema kwamba kitu kinachochomwa bure kando ya mashine ya kukobolea kina thamani ambayo hatujaitumia, na hilo linanisikitisha kila ninapopita huko.

Kuhusu piti, ile mimea iliyooza nusu ya vinamasi vya nchi za baridi, ambayo wakulima wa Uholanzi na Ubelgiji walijengea kilimo chao cha stroberi juu ya meza, sina mengi. Ni kitu kizuri sana kwa mmea huu, lakini hutoka mbali, hujijenga kwa kasi ya milimita moja hivi kwa mwaka, na ikikauka kabisa hukataa kulowa tena. Kwa joto letu na mgao wa maji wetu, hiyo ya mwisho inatosha kuniondolea hamu. Perlaiti nayo, yaani kioo cha volkano kilichochomwa hadi kikafura kama bisi, hufanya kazi moja tu ya kuingiza hewa, na huifanya vizuri. Lakini maganda yaliyounguzwa au changarawe nyepesi za volkano kutoka upande wa Arusha hufanya karibu kazi hiyo hiyo. Mchanga wa korongo ni mzito, hauongezi hewa kama watu wanavyodhani, na ule laini huziba matundu. Ukitumika, uwe wa chembe kubwa, uoshwe, na usizidi sehemu ndogo.

Vumbi la mbao linahitaji tahadhari. Lina kaboni nyingi mno kulinganisha na naitrojeni, na vijidudu vinapoanza kulimeng’enya huchukua naitrojeni iliyokusudiwa mmea. Mkulima huona miche imedumaa na majani ya zamani yamepauka, akadhani ni ugonjwa. Likiozeshwa pamoja na samadi kwa miezi kadhaa hubadilika na kuwa kitu cha manufaa. Makapi ya zabibu yanayobaki baada ya kukamua mvinyo, ambayo Dodoma inayo kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania, nayo hutengenezwa mboji nzuri yenye chembe zinazodumu, na katika nchi za mvinyo kama Italia na Hispania yamejaribiwa kwa muda mrefu kama sehemu ya mchanganyiko wa kupandia. Yakiwa mabichi huumiza mizizi kwa tindikali na kwa joto la kuoza. Ninawasihi vijana wa vyuo vyetu wanaotafuta mada ya utafiti waitazame hii, maana malighafi iko mlangoni.

Mboji na samadi zinahitaji maneno ya wazi zaidi, kwa sababu hapa ndipo mapenzi yetu kwa mbolea ya asili yanapotudhuru. Mboji iliyokomaa huleta vijidudu rafiki na virutubisho vinavyotoka polepole, na ninaipendekeza. Lakini ina chumvi, na samadi ya mazizi yetu ina chumvi zaidi, kwa kuwa katika nchi kavu mkojo wa ng’ombe hukauka palepale bila mvua ya kuusafisha. Mchanganyiko wenye mboji nusu kwa nusu huchipua majani makubwa ya kijani kibichi wiki za kwanza, mwenye shamba akafurahi, kisha maua huwa machache na pembe za majani huanza kuwa na rangi ya kahawia. Sehemu moja ya kumi inatosha. Mbili za kumi kama maji ni matamu. Samadi mbichi isiingie kabisa.

Na sasa maji yenyewe. Kipimo cha chumvi katika maji hutajwa kwa EC, kwa desisimensi kwa mita. Kwa stroberi, udongo ukifikia EC ya 1.0 mavuno huanza kupungua, na kila nyongeza ya kipimo kimoja kamili huondoa takriban asilimia 33 ya mavuno. Kwa maji ya kumwagilia yasiyo na mbolea, mpaka wa kuanza kuumia ni 0.7. Wengi wenu mnatumia visima, na kila mwenyeji anajua kwamba visima vingi vya Dodoma vina ladha ya chumvi na huacha utando mweupe kwenye sufuria. Chukueni mfano wa kisima chenye 1.2. Stroberi katika mfuko hulishwa kwa maji yenye mbolea, na mchanganyiko huo wa mbolea na maji kwa kawaida hutakiwa uwe kati ya 1.0 na 1.5. Mwenye maji ya mvua, ambayo ni karibu na sifuri, ana nafasi yote ya kuweka chakula cha mmea. Mwenye kisima cha 1.2 nafasi yake imekwisha jazwa na sodiamu, klorini na magadi kabla hajafungua mfuko wa mbolea. Akiweka mbolea, anachoma. Asipoweka, mmea unakufa njaa.

Ndiyo maana ninasema mvua ni sehemu ya mchanganyiko wa kupandia. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 kina paa la kukusanya mita za mraba 120, na kwa milimita 550 linapokea lita 66,000. Tukikubali kwamba sehemu ya tano itapotea, zinabaki lita 52,800. Miche 800 inayokunywa wastani wa lita 0.3 kwa siku inahitaji lita 240. Gawanyeni wenyewe: ni siku 220, ambazo zinakaribia urefu wa kiangazi chetu. Najua matangi ya lita 50,000 ni fedha nyingi, na bwawa la kuchimba na kutandikwa nailoni linahitaji kufunikwa lisikauke kwa jua na upepo. Lakini hata nusu ya kiasi hicho, ikichanganywa na maji ya kisima lita kwa lita, hushusha chumvi kwa nusu, na kisima cha 1.2 kikawa 0.6, chini ya mpaka wa maumivu.

Hapa ndipo mkulima wa kwetu anapobanwa pande mbili, na ninaomba tukae kidogo juu ya jambo hili kwa sababu mwongozo uliotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine hautamweleza. Maji ya chumvi yanataka mchanganyiko unaochuruzisha upesi, na yanataka umwagiliaji wa kupita kiasi, ili asilimia 20 hadi 30 ya maji yatoke chini yakiwa yamebeba chumvi iliyokusanyika. Maji ya mgao yanataka kinyume chake: mchanganyiko unaoshika maji mengi, usikauke siku ambayo umeme umekatika na pampu imesimama. Mwenye kisima cha chumvi na umeme wa kubahatisha anahitaji vyote viwili, na hakuna mchanganyiko unaompa vyote. Akichagua makumbi matupu kwa ajili ya akiba ya maji, chumvi hujilimbikiza. Akichagua maganda mengi kwa ajili ya kuchuruzisha, miche hunyauka saa nane mchana bomba likikauka. Kwa maoni yangu, afadhali atatue tatizo la uhakika wa maji kwa tangi la juu linaloshuka kwa mteremko bila pampu, lenye akiba ya siku mbili au tatu, kisha achague mchanganyiko kwa kufuata chumvi. Katika hali hiyo ningemshauri sehemu tano za makumbi yaliyoandaliwa, sehemu nne za maganda yaliyounguzwa na kuoshwa, na sehemu moja ya mboji iliyokomaa, akimwagilia kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Mwenye maji matamu aongeze makumbi hadi saba na apunguze maganda hadi mawili, naye anaweza kumwagilia mara chache.

Mtakutana na matokeo ya utafiti yanayopingana: hapa makumbi yameshinda, pale mchanganyiko wa piti na perlaiti, kwingine maganda. Msikate tamaa kwa ajili hiyo. Tafiti nyingi za namna hii humwagilia vyote kwa ratiba moja, na ratiba hiyo kwa lazima hukipendelea kimoja. Maji yanayotosha makumbi huyaacha maganda yakiwa makavu, na yanayotosha maganda huzamisha mchanga. Kwa hiyo mnapolinganisha wenyewe, kila mchanganyiko uwe na mpira wake wa matone na saa zake, na mpime yale yanayochuruzika chini: kiasi chake na EC yake, kila siku kama mnaweza. EC ya maji yanayochuruzika ikizidi ya yale mnayomwagilia kwa zaidi ya 0.5 hivi, chumvi inajilimbikiza na ni wakati wa kusafisha kwa maji matupu. Pimeni pia unene wa taji, hesabuni majani mapya, na ng’oeni mche mmoja mmoja mwone rangi ya mizizi. Mizizi ya kahawia katika mche wenye majani mazuri ni habari mliyoipata mapema.

Jambo la joto nalitaja kwa kifupi, ingawa Oktoba na Novemba hapa hulifanya kuwa kubwa. Mfuko mweusi uliopigwa na jua hupasha mchanganyiko kupita nyuzi joto 30, na mizizi ya stroberi huanza kushindwa kazi hata kama maji yapo. Tumieni mifuko iliyo nyeupe kwa nje, au funikeni ile myeusi kwa magunia au nyasi, na umwagiliaji wa kwanza uwe asubuhi na mapema kwa maji ambayo mpira wake haukulala juani. Mchanganyiko wenye maji ya kutosha hupata joto polepole kuliko ule mkavu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoweka maganda kupita kiasi.

Mwisho wa msimu, makumbi yaliyotumika vizuri yanaweza kubeba zao jingine baada ya kusafishwa kwa maji ya mvua na kuondolewa mizizi ya zamani, mradi hamkuona miche iliyooza taji. Mkiiona hata michache, mchanganyiko wote wa mstari huo utolewe nje ya kitalu nyumba, na usirudishwe kwenye stroberi wala kumwagwa kwenye shamba la alizeti au karanga. Uwekeni mbali, kwenye miti ya kivuli au chini ya miembe. Vifaa vya kupima EC na pH tumekuja navyo, viko meza ya nyuma pamoja na mabwana shamba wetu. Wale mliobeba chupa za maji ya visima vyenu pitieni pale kabla ya chakula, mpimiwe na muandikiwe matokeo. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na sasa nayapokea maswali.